Asili ya neno "pepo": upepo, Pepo ya akhera na pepo wa kupungwa

Mwalimu wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaikum na salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Lamu, na nimekuja kwenu kwa sababu ya swali la mwanafunzi ambalo nililijibu haraka na sasa naliona jibu langu kuwa halitoshi.

Tulikuwa tukisoma tangazo la msiba darasani, na mwisho wake paliandikwa yale maneno ambayo sote tumeyazoea, "Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema peponi." Mtoto mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, peponi ni kule wanakokaa mapepo?" Wenziwe wakacheka, lakini yeye hakuwa akicheza, kwa maana nyumbani kwao yuko mtu anayesumbuliwa na pepo na mtoto anamwona kila wiki. Nikamwambia kwamba hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, kama paa la nyumba na paa wa mwituni, kisha tukaendelea na somo.

Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Iwapo ni bahati tu, mbona na upepo nao umo? Twasema pepo za kusi na pepo za kaskazi, twasema Pepo ya waja wema, twasema pepo amempanda kichwani, na lugha yenyewe imejitahidi kuzitenganisha kwa upatanisho wa kisarufi: pepo zimevuma, Pepo imeahidiwa, pepo wamepanda. Nawaomba wenye elimu ya jambo hili wanieleze: Je, neno hili lilianza kwa maana ipi, maana za dini zililiingia kwa njia gani, na limebadilika vipi hadi mtoto wa leo akisikia "peponi" akaingiwa na hofu?

Nahodha wa Langoni

Waalaikumu salamu, Mwalimu. Mimi sikusomea lugha. Nimesoma bahari kwa miaka zaidi ya arubaini, na kwa mtu wa chomboni swali lako lina mlango mmoja tu wa kuingilia, nao ni upepo.

Maneno mengi yenye sauti hiyo yana upepo ndani yake. Kupepea ni kuutafuta upepo kwa kipepeo cha mkono, na yule mdudu mwenye mbawa za rangi naye akaitwa kipepeo kwa namna anavyozipiga. Bendera hupepea juu ya mlingoti, tanga lisipofungwa vyema hupeperuka, na mwanamke anayepepeta mchele kwenye uteo huachia hewa ichukue makapi. Ukiyatazama pamoja utaona kwamba ni jamii moja, na mama yao ni hewa inayotembea.

Liko jambo jingine ambalo nimelifikiria sana nikiwa zamu ya usiku. Jioni watu wa Amu, yaani Lamu, hutoka kwenda pwani kupunga upepo. Mgonjwa naye hupelekwa kwa mganga kupungwa pepo. Kitenzi ni kile kile, kupunga, ambacho asili yake ni kuchezesha kitu hewani, kama tunavyompungia mkono anayeondoka. Sioni kwamba wazee wangelitumia kitenzi kimoja kwa mambo hayo mawili kama hawakuona kwamba yana uhusiano.

Usisahau pia kwamba kwetu upepo haukuwa jambo dogo. Kaskazi ndiyo iliyowaleta wageni wa Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ndiyo iliyowarudisha kwao. Umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukitoka bara alfajiri ndio unaomtoa mvuvi, na matlai, upepo wa mashariki, ikigeuka ghafla inaweza kummaliza. Upepo huuoni, lakini unamlisha mtu au unamzamisha. Mtu anayeishi hivyo hashangai akiambiwa kwamba viumbe visivyoonekana vimeitwa kwa jina la upepo.

Mkaazi wa Malindi

Naunga mkono aliyosema Nahodha, na ningependa kuongeza ushahidi kutoka kwa lugha jirani, kwa kuwa hili ni neno la Kibantu na halikutoka ng'ambo.

Mama yangu ni Mgiriama, na nyumbani kwetu "peho" ni upepo na pia ni baridi. Waganda husema "empewo", nao humaanisha upepo au baridi. Wakikuyu husema "heho" kwa maana ya baridi. Huko kusini, Wachewa husema "mphepo" na Washona husema "mhepo", maana yake upepo. Lugha zote hizo zimerithi shina moja la zamani sana, na kinachojirudia kila pahali ni hewa inayotembea na ubaridi wake. Kwa hiyo naweza kumjibu Mwalimu sehemu ya kwanza ya swali bila kusitasita: maana ya upepo ndiyo kongwe, na maana nyingine zimeota juu yake.

Sasa naomba nimrudie kwa heshima juu ya mfano wake wa paa, kwa sababu mfano huo, ukitazamwa kwa sikio la Kiamu, unampinga yeye mwenyewe. Maandishi yetu hayaonyeshi tofauti, lakini wazee wa Lamu hawatamki paa la nyumba sawa na paa wa mwituni. Yule mnyama hutamkwa kwa kupuliza pumzi mdomoni, p'aa, na lile la nyumba hutamkwa kavu. Pumzi hiyo si pambo. Ni mabaki ya sauti ya "n" au "m" iliyokuwa mwanzoni mwa neno katika ngeli ya wanyama na vitu vingi vya kawaida, ikafifia na kuacha mpulizo. Ndiyo maana Wachewa bado wana "m" yao katika "mphepo", na sisi tumebakiwa na p'epo.

Nimewasikiliza wazee kwa makusudi juu ya jambo hili. Pepo ya akhera wanaitamka kwa mpulizo, na pepo wa kichwani wanamtamka kwa mpulizo ule ule. Paa na p'aa ni maneno mawili ambayo maandishi yameyafananisha. Haya yetu yamefanana mdomoni pia, na kwa ngeli moja. Nadhani, Mwalimu, mwanafunzi wako alikuwa karibu na ukweli kuliko jibu alilopewa, ingawa hofu yake haikuwa na msingi.

Ustadhi wa Madrasa, Lamu

Mashallah, mmefungua mlango mzuri. Mimi nitaongea upande wa Kiarabu, kwa sababu neno hili lilipochukuliwa kutafsiri mambo ya dini lilikutana na maneno ya Kiarabu yaliyokuwa na historia inayofanana nalo kwa namna ya kustaajabisha.

Neno la Qurani kwa Pepo ni "janna". Maana yake ya awali ni bustani, nayo inatokana na shina la herufi jim na nuni mbili, ambalo maana yake ni kufunika na kuficha. Bustani iliitwa hivyo kwa kuwa miti yake imesongamana ikaifunika ardhi. Katika Surat Al-An'am, Mwenyezi Mungu anaposimulia habari za Nabii Ibrahim kuiona nyota, kitenzi kilichotumika kwa usiku uliomfunika ni hicho hicho. Kutoka shina hilo Waarabu wana "janin", mtoto aliyefichika tumboni. Wana "majnun", mtu ambaye akili yake imefunikwa. Na wana "jinn", kiumbe aliyefichika asionekane. Maana yake ni kwamba katika Kiarabu nako makao ya waja wema na kiumbe anayempanda mtu vimetoka katika shina moja. Mwarabu hasomi "janna" akaogopa majini, na mwanafunzi wa Mwalimu akielezwa hivi naye hataogopa.

Yako na mengine. Upepo kwa Kiarabu ni "rih", na roho ni "ruh", nayo yote mawili ni ya shina moja. Sisi tumechukua roho, na pia tumechukua raha, na tumechukua rohani, ambaye wenye kupunga humhesabu kuwa aina ya pepo. Hata mrehani ambao bibi zetu huutia katika kikuba pamoja na asumini umetoka huko. Katika Surat Al-Waqia, aya ya 89, mambo matatu yametajwa kwa yule aliyekurubishwa: "rawh", ambayo wafasiri wameieleza kuwa ni raha na pumzi njema, kisha "rayhan", ambayo ndiyo asili ya mrehani wetu, kisha bustani ya neema. Mtu wa pwani akisomewa aya hiyo na kuelezwa kwa lugha yake, nani atamlaumu akiona kwamba neno linalofaa ni p'epo?

Lakini nina tahadhari kwa Mkaazi wa Malindi. Amesema maana ya shina ni upepo na baridi, nami simpingi katika lugha, ila tusije tukadhani kwamba Pepo ya Waislamu ni mahali pa baridi. Surat Al-Insan, aya ya 13, inasema wazi kwamba humo hawataona jua kali wala baridi kali. Kilichochukuliwa kutoka kwa neno la kale ni ile nafuu ya hewa inayompata mtu aliyetoka juani, na ubaridi wa kuumiza umeachwa nje. Neno likiingia katika dini hupunguzwa pande fulani na kuongezwa pande nyingine, na si lazima lije na mizigo yake yote.

Mwalimu wa Mkomani, Lamu

Nawashukuru mno. Ustadhi, habari ya "janna" na "jinn" sikuwahi kuisikia, na nimeisoma mara tatu. Mkaazi wa Malindi, nakubali kosa la paa. Nimemwita mama mkwe wangu azitamke zote na ni kama ulivyosema.

Nimebaki na jambo moja. Kiswahili kimechukua maneno mengi ya akhera kutoka kwa Kiarabu bila kuyatafsiri: akhera yenyewe, kiyama, malaika, shetani, jahanamu. Kwa nini Pepo haikuitwa "janna" katika vinywa vya watu wa kawaida, ikaachiwa neno la Kibantu?

Ustadhi wa Madrasa, Lamu

Mwalimu, "janna" na Firdausi yamo katika mashairi na katika mawaidha, lakini ni kweli kwamba hayakulishinda neno la nyumbani. Firdausi yenyewe ni mgeni hata kwa Waarabu, kwani asili yake ni Kiajemi cha kale, bustani iliyozungushiwa ukuta, na neno hilo hilo ndilo lililoingia katika Kigiriki likawa "paradeisos".

Jibu langu ni kwamba Pepo haikusimama peke yake; ilisimama na mwenziwe. Jahanamu tumeichukua, lakini mama anayemwonya mtoto hasemi jahanamu, husema "utaingia motoni." Peponi na motoni ni maneno mawili ya Kibantu, yana mkato mmoja, na yanapingana kama upepo unavyopingana na moto katika mwili wa mtu anayehisi joto. Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anapomweleza habari za siku ya kufufuliwa, ameyaweka peponi na motoni katika ubeti mmoja, na vina vyake vinakaa vyenyewe bila kulazimishwa. Jozi kama hiyo ikishazoeleka katika vinywa vya akina mama na katika vina vya tenzi, neno la kigeni hupata tabu kuingia kati yake. Na Lamu hatukukosa bustani kabisa, kwa maana jina la msikiti wetu wa Riyadha ni "mabustani" kwa Kiarabu. Lile tumeliachia jina la msikiti, na hili la p'epo tumelibakiza kwenye dua.

Muuguzi Mstaafu, Malindi

Shikamooni wakubwa wangu, na wadogo nawasalimu. Mimi ni Mkristo, na ninaona historia ya neno hili haijakamilika bila kutaja Biblia, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipozidi kutengana.

Katika Kigiriki cha Agano Jipya, "pneuma" ni upepo na pia ni roho. Katika Yohana sura ya 3, Yesu anazungumza na Nikodemo juu ya upepo uvumao upendako na juu ya mtu aliyezaliwa kwa Roho, na neno ni moja katika sehemu zote mbili, kiasi kwamba msomaji wa Kigiriki anasikia mwangwi. Kiswahili kingeweza kuuhifadhi mwangwi huo, kwa sababu kilikuwa na neno la kufanya hivyo. Lakini wafasiri waliligawa. Hewa ikawa upepo. Roho wa Mungu akapewa jina la asili ya Kiarabu, Roho Mtakatifu. Na "pepo" akaachiwa yule mchafu anayetolewa, kama katika Marko sura ya 1. Wakati huo huo, katika Luka 23:43, mwizi aliyesulubiwa anaahidiwa kwamba leo hivi atakuwa pamoja na Yesu peponi. Basi katika Biblia ile ya 1952 ambayo tumelelewa nayo, pepo hufukuzwa katika kitabu kimoja na Pepo huahidiwa katika kingine. Siwalaumu wafasiri. Walilikuta neno likiwa tayari lina maana zote mbili, na hawakuwa na namna ya kulitumia kwa Roho wa Mungu bila kuwakanganya waumini. Hata hivyo jambo fulani lilipotea.

Nikiwa mtoto, sikuwa nikisikia neno "mapepo" mara nyingi hapa Malindi. Watu walisema "ana pepo" au "pepo wake". Leo, katika mikutano ya maombi, husikii ila mapepo: kukemea mapepo, kufunga mapepo, mapepo ya umaskini, mapepo ya kukosa mume. Ile "ma-" ya mbele imemwondolea pepo umoja wake na jina lake, ikamfanya kundi lisilo na sura. Naona hapo ndipo hofu ya yule mtoto ilipotoka, maana yeye mwenyewe alisema "mapepo", na hakusema pepo.

Niruhusuni pia niseme juu ya neno jingine la jamii hii, kwa kuwa liliniumiza kazini. Pepopunda ni ugonjwa, na jina lake linaonyesha jinsi watu walivyouelewa: mwili unakakamaa, taya zinafunga, mgongo unapinda kama upinde, na aliyeona hivyo alisema ni pepo. Nimewapokea watoto wachanga waliocheleweshwa siku kadhaa kwa sababu jina la ugonjwa liliielekeza familia kwa mganga kwanza. Chanzo chake ni vijidudu vinavyoingia kwenye kidonda, na kwa mchanga mara nyingi ni kitovu kilichokatwa kwa kitu kisicho safi. Chanjo anayopewa mama akiwa mjamzito humkinga yeye na mtoto. Nilikuwa nikiwaambia akina mama kwamba jina ni la zamani lakini dawa ni ya leo. Wengine walinielewa. Wengine walinielewa wakiwa wamechelewa.

Bint wa Shela

Nimesoma yote kwa makini, na ningependa kumwongezea Bibi Muuguzi kutoka nyumbani kwetu. Ninajua kwamba mashekhe wengi hawaridhii mambo ya kupunga, na sikuja kuyatetea. Nataka tu kueleza maneno yalivyokuwa, kwa maana wanaoyajua wanapungua.

Nyanya yangu alikuwa na pepo, na katika lugha yao yeye aliitwa kiti, kwa maana ndiye anayekaliwa. Pepo hakuwa tu "pepo". Aliulizwa jina, kabila na haja yake, kwani wako wa Kiarabu, wako wa Kisomali, wako wa Kihabeshi, na kila mmoja alikuwa na nyimbo zake na vitu avipendavyo, ubani kwa huyu, udi na marashi kwa yule. Haja ikitimizwa, pepo hutulia na mtu huendelea na maisha yake. Kupunga kwao hakukuwa kumfukuza kila wakati. Mara nyingi kulikuwa ni kupatana naye. Neno "mchafu" sikulisikia likiandamana na pepo mpaka nilipokwenda shule. Pepo aliyekuwa akiogopwa alikuwa yule asiyetaka kusema jina lake.

Nyanya huyo huyo hakukosa sala hata moja, na akisoma dua baada ya alfajiri alikuwa akiomba Pepo kwa machozi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama yule mwanafunzi alivyouliza, je, ni neno moja? Akanijibu kwamba Pepo ya Mungu haipandi mtu kichwani, mtu ndiye huipanda. Kisha akaniomba nimfungulie dirisha la upande wa baharini, kwa kuwa kulikuwa na joto.

Mwalimu wa Mkomani, Lamu

Nimewasoma wote, na leo asubuhi nililirudia somo. Niliandika ubaoni sentensi tatu: pepo za kusi zinavuma, Pepo imeahidiwa waja wema, pepo amempanda. Niliwaambia wanafunzi kwamba neno ni moja, la zamani kuliko mji wetu, na kwamba mwanzoni lilikuwa hewa tu, kisha nikawasomesha jinsi upatanisho unavyotuonyesha ni ipi inayokusudiwa. Nilimwambia yule mtoto mbele ya wenziwe kwamba mimi ndimi niliyekosea.

Aliuliza swali jingine, nami nalileta kwenu: kwa nini "peponi" haisemwi kamwe kwa maana ya mahali penye upepo, hali ya kuwa twasema mtini, nyumbani na baharini? Nimemjibu kwamba nitauliza.

Mkaazi wa Malindi

Mwalimu, mwambie kwamba mtu akitaka kusema hivyo husema "upeponi", kwa umoja wa ngeli ya "u", kama anayeanika nguo upeponi zipate kukauka. Ile "u" ndiyo iliyotofautisha. Na mwambie kwamba hilo ni swali zuri kuliko la kwanza.